Mto Tana na Mafuriko Yake

Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Maji yake hutoka katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, nao husafiri mwendo wa kilomita 1,000 hivi, ukipita Garissa, Hola na Garsen, mpaka kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Msafiri akiisha kupita Garissa huona nyika kavu ya miiba pande zote mbili, na katikati yake ukanda mwembamba wa miti mibichi. Ukanda huo hauishi kwa mvua ya mahali pale, maana ni haba. Unaishi kwa mafuriko.

Tangu zamani, mvua za masika na za vuli zikinyesha milimani, mto ulijaa ukapita kingo zake. Maji yalienea mabondeni, yakajaza maziwa madogo kama Shakababo na Bilisa, yakaacha udongo mpya wenye rutuba. Wapokomo walipanda mpunga mabondeni, na migomba na miembe kingoni. Kambare walizaa katika majani yaliyofunikwa na maji. Maji yalipopungua majani mabichi yaliota, na Waorma walileta ng'ombe zao kutoka nyikani wakati wa kiangazi. Hivyo furiko moja lililisha mkulima, mvuvi na mchungaji, kila mmoja kwa zamu yake.

Kati ya mwaka 1968 na mwaka 1988 mabwawa matano yalijengwa katika sehemu ya juu ya mto, la kwanza likiwa Kindaruma na la mwisho Kiambere. Lililo kubwa zaidi ni Masinga, lililomalizika mwaka 1981. Faida yake si ndogo, kwa kuwa umeme wake umewasha taa na kuendesha viwanda katika miji mingi. Lakini kazi ya bwawa ni kuweka maji ya masika yatumike wakati wa kiangazi. Kwa hiyo tofauti ya maji ya mto kati ya majira si kubwa kama zamani, na mafuriko ya kawaida yamepungua. Tena sehemu ya udongo uliokuwa ukirutubisha mabonde hutuama chini ya mabwawa.

Mtu asiyeijua nchi hiyo aweza kudhani kwamba mto usiofurika ni neema. Sivyo. Bonde lisilofikiwa na maji hukauka, na ziwa lisilojazwa hugeuka matope, kisha vumbi. Miti ya kingoni hukosa maji ya chini ya ardhi, na miche mipya haioti. Katika misitu hiyo wamo mbega wekundu wa Tana na kima wenye kishungi, ambao hawapatikani porini mahali pengine popote duniani. Huko pwani, mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda juu yakaharibu mashamba ya mpunga.

Wala mabwawa hayakuondoa mafuriko makubwa. Mwaka 1997, mwaka 2018 na mwaka 2024 maji yalibomoa nyumba na kuhamisha watu wengi. Basi lililopotea ni furiko la kadiri, lililokuwa likingojewa kama mgeni wa heri. Lile la maangamizi lingali likija.

Majani na maji yakiwa haba, jirani humtazama jirani kwa jicho jingine. Tangu Agosti 2012 mpaka mwanzo wa mwaka 2013 Wapokomo na Waorma walipigana, na watu zaidi ya 100 waliuawa. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa ilikuwamo; lakini ugomvi wa mashamba, malisho na njia za kufikia mto ulikuwa miongoni mwao.

Dawa moja yajulikana na wataalamu wa maji: kufungulia maji mengi kwa makusudi katika majira yake, baada ya kuwaarifu watu mapema, ili mabonde yapate kunywa. Jambo hili lina gharama, kwa maana maji yaliyofunguliwa leo hayatazungusha mitambo kesho. Lakini mpunga usiovunwa na ng'ombe waliokufa ni gharama pia, ingawa haiandikwi katika hesabu ya umeme. Anayepima maji ya Tana yafaa aweke yote mawili katika mizani moja.