Banda Uani, Juu ya Ardhi ya Mirathi

Masufuria ya shughuli hayana adabu ya kukaa ndani ya nyumba. Sufuria ya pilau ya watu mia mbili hupita mlangoni kwa ubavu, na ikishaingia haitoki bila ya kuchubua chokaa. Mimi na wanawake wenzangu watano tunakodisha vyombo vya harusi na hitima hapa Takaungu: masufuria, masinia, majamvi, viti vya plastiki na maturubai mawili. Kwa miaka minne vyote vilikaa ukumbini mwa nyumba aliyotuachia marhumu baba. Mama yangu, ambaye macho yake yameanza kufifia, alipoamka usiku kwa ajili ya tahajudi alikuwa akipapasa njia baina ya masinia. Hilo halikuweza kuendelea.

Uani nafasi ipo, ila ardhi ile si yangu peke yangu. Baba aliacha mke, wana wawili wa kiume na sisi wawili wa kike, na mirathi haijagawanywa mpaka leo. Kwa hesabu ya faraidhi kiwanja chetu ni mafungu 48: 6 ya mama, 14 ya kila kaka, 7 ya kila mmoja wetu sisi mabanati. Hakuna aliyeonyeshwa fungu lake liko upande wa mnazi au upande wa kisima. Mwenye kujenga hapo hujenga juu ya haki ya wote.

Nilipolitaja banda, kaka yangu mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Leo banda, dada yangu, kesho chumba cha kupangisha." Yaliniuma. Hata hivyo nilipolala nikalifikiri, niliona kwamba swali lake ni la haki, na kwamba jawabu lake halimo katika maneno ya kuapa bali katika namna banda lenyewe litakavyojengwa. Sisi watu wa Pwani tunaelewa kwamba jengo ni kitu kimoja na ardhi ni kitu kingine. Mombasa kuna familia zilizoishi vizazi kadhaa zikimiliki nyumba pasipo kumiliki udongo ulio chini yake. Basi nikaazimia banda langu liwe la kufunguliwa. Siku ya mgawanyo ikifika, na fungu lile likawa la mwingine, nilibebe niondoke nalo.

Azma hiyo moja ndiyo iliyochora ramani yote. Sakafu ya saruji haikuwezekana, wala kuta za mawe. Misumari pia niliiepuka kwenye viungo vikuu, kwa sababu mti uliopigiwa msumari hupasuka unapong'olewa. Mahali pake tukatia bolti na nati. Nguzo sita hazikuzikwa ardhini. Tulimimina zege ndani ya madumu yaliyokatwa, tukapachika ukanda wa chuma katika kila moja, tukayafukia, kisha nguzo zikafungwa kwenye ule ukanda, juu ya udongo. Faida ya pili ni kwamba mchwa hukosa njia ya siri: akitaka kupanda ni lazima ajenge kichuguu chake juu ya zege, nawe ukakiona ukakifuta kwa ufagio.

Vipimo sikuvitoa hewani. Nilivitoa vyombo vyote nje siku moja ya jua, nikavipanga chini kama vitakavyokaa, nikaacha njia ya mtu aliyebeba sinia, ndipo nikashika futi. Yakapatikana mita 2.5 kwa mita 4. Fundi alicheka kuona upana ule, akasema umelingana na wa chumba cha kale cha Lamu. Kwa hakika vyumba vya kale vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa bila ya kupinda. Ukijenga kwa mti wa kwetu, mti ndio unaokuamuru upana.

Mikoko haikatwi ovyo. Ni msitu unaolindwa, na mkataji hutakiwa awe na leseni. Tulinunua kwa muuzaji mwenye karatasi zake. Huuzwa kwa korija, yaani miti ishirini, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Korija moja ya boriti ilitutosha: tisa zikalala kuwa dari, kumi zikasimama kwa jozi kuwa kenchi za paa, ikabaki moja ambayo mpaka sasa mama huanikia kanga.

Dari ilikuwa rai ya mama. Minazi ya uani nayo ni ya warithi wote, na nazi zake zilikuwa zikirundikwa popote. Mama akasema, "Chini weka vyombo vyako, juu ziwekwe nazi na mahindi ya nyumba nzima." Maneno hayo yalimlainisha kaka yangu kuliko hoja zangu zote. Tukapandisha kuta mita 2.7, dari ikakaa kwenye mita 2, na paa likaanza juu ya hapo. Mtu mzima husimama katikati tu, pembeni huinama, lakini nazi haihitaji kusimama. Nguzo tulizivisha mikanda mipana ya bati laini ili panya ateleze.

Kuta ni mbao za mnazi. Hapa mnunuzi awe macho: ubao uliotoka pembeni mwa shina ni mgumu na mweusi, uliotoka katikati ni mwepesi kama sifongo na huoza upesi. Uinue mkononi, uzito utakueleza. Chini ya paa tuliacha uwazi wa shubiri moja kuzunguka kote, ili joto na unyevu vitoke. Sufuria iliyofungiwa penye unyevu wa bahari hutoka madoa.

Mlango tuliuelekeza kibla. Kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka kwetu, wazee wetu husema "kibla" wakimaanisha kaskazini, na mvua za masika huja na kusi kutoka upande wa pili. Mlango ukiutazama kusi, mwezi wa Mei utachota maji kwa ndoo.

Kuhusu paa tulibishana. Kaka alitaka mabati, mimi nikataka makuti. Bati jembamba karibu na bahari huliwa na chumvi, na ndani yake mchana ni tanuri. Makuti ya viungo ni baridi, ila huombwa upya kila baada ya miaka michache, tena hayapatani na cheche. Nilichagua makuti kwa sharti kwamba jiko la kuni lisisogezwe upande ule, na mwinamo ukawa wa nyuzi 45, kwani kuti lililolala hunywa maji badala ya kuyamwaga.

Pembe tulizinyoosha kwa kamba: mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na mshazari ukiwa 5 kamili pembe ni mraba. Kaka mwenyewe ndiye aliyeshika ncha ya kamba.

Kabla ya zege kumwagwa tuliandika karatasi. Inasema kwamba banda na viungo vyake ni mali yangu, ardhi ni ya warithi wote kama ilivyokuwa, dari ni ya nyumba nzima, na nikitakiwa kuliondoa nitapewa miezi mitatu. Wote watano tulitia saini, na majirani wawili wakashuhudia. Ndugu yetu mdogo, aliye Muscat, alisomewa kwa simu neno kwa neno, kisha akatuma saini yake.

Banda limeshapitiwa na masika moja. Kenchi moja ililegea, tukaikaza nati. Nazi 300 ziko juu, na ukumbini mama amerudisha mkeka wake mahali ulipokuwa zamani. Kaka anasema baada ya Idi twende kwa Kadhi tukaumalize mgawanyo. Spana ya bolti zile imetundikwa nyuma ya mlango.