Folda inayopotea kila umeme ukirudi

KINDU, Maniema. Katika mji ambako umeme hukatika bila kuaga, mafundi wa kompyuta wanajua kwamba kazi yao huanza pale umeme unaporudi. Taa zinawaka, feni inazunguka, lakini seva inabaki bubu. Mara nyingi hakuna kilichoungua. Kinachokosekana ni folda moja tu, tena tupu, ambayo programu ilitegemea kuikuta mahali pake.

Hayo ndiyo yaliyompata fundi kijana wa radio moja ya kijamii mjini humo. Alikuwa na kazi ya kulinda seva ndogo yenye mfumo wa Debian, ambao hutumiwa bila kulipa. Seva hiyo ilihifadhi vipindi na kuvituma kwa radio rafiki za Kibombo na Kasongo. Programu ya kutuma aliipata katika kifurushi kilichoandaliwa na mtu wa kujitolea anayeishi ng'ambo. Siku ya kuisakinisha ilifanya kazi vizuri, watu wakapiga makofi. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi, kimya.

Fundi akatazama kumbukumbu za mashine. Ziliandika kwamba folda ya programu ile, ndani ya /run, haipo. Akaiunda kwa mkono, programu ikaamka. Kesho yake umeme ukakatika tena, folda ikapotea tena. Ikawa ndiyo desturi: kijana anafika mapema kuliko wote, anaandika amri mbili, radio inaendelea.

Kisha akaenda matanga kijijini siku tatu. Umeme ukakatika, na ofisini hakuna aliyejua zile amri mbili. Tangazo la chanjo ya surua halikufika Kibombo. Akina mama wengine walipata habari wakati timu ya chanjo imekwisha kuondoka. Hapo maneno yakaanza kwenye baraza la radio: kijana huyu anaizima mwenyewe ili asiachishwe kazi. Mkurugenzi akamwita.

“Mwanangu, niambie ukweli. Ni wewe unayeizima?”

“Hapana, Papa. Nipe siku mbili, nitakuonyesha.”

Alichoonyesha kinaeleweka hata kwa asiye fundi. Tangu Debian 7 ya mwaka 2013, folda ya /run haikai kwenye diski. Inakaa katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile inayofutika mashine ikizimwa. Ni kama ubao wa darasa: kila asubuhi mwalimu anaukuta umepanguswa. Hilo limefanywa kwa makusudi, kwani humo huandikwa mambo ya siku hiyo tu, kama namba ambayo programu inapewa ikianza kazi. Namba ya jana ikibaki, inaweza kupoteza mashine njia leo.

Kifurushi kile kiliunda folda yake mara moja tu, wakati wa kusakinishwa. Mashine ilipozimwa, folda ikafutika pamoja na mengine. Ilipowaka, programu ikatafuta mahali pa kuandika namba yake, haikupaona, ikasimama.

Kanuni za Debian zinakataza jambo hilo waziwazi. Kifurushi hakiruhusiwi kudhani kwamba folda yake ndani ya /run ipo, isipokuwa kimepanga chenyewe jinsi ya kuiunda tangu mashine ilipowashwa mara ya mwisho. Waandaaji wa vifurushi hukumbuka kutaja programu nyingine wanazozihitaji, na mfumo huzileta. Folda husahaulika kwa sabau rahisi: kwenye mashine ya mwandaaji tayari ipo. Mtu ambaye seva yake haizimwi mwaka mzima anaweza kukaa na kosa hili bila kuliona. Kindu hulionyesha usiku wa kwanza.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Katika maelezo ya huduma, fundi aliongeza neno RuntimeDirectory na jina la folda. Kuanzia hapo systemd, ambayo ndiyo huamsha huduma zote za seva, huunda folda hiyo kabla ya kuiamsha programu, na kuikabidhi kwa mtumiaji anayestahili. Mstari huo hakuuweka ndani ya faili za kifurushi, kwa maana toleo jipya lingeufuta. Aliuweka upande wa /etc, mahali pa mabadiliko ya mwenye mashine. Akaizima seva na kuiwasha mara tatu mbele ya mkurugenzi. Mara zote tatu programu ilianza bila mkono wa mtu.

Ilibaki kazi ya pili. Fundi alimwandikia mwandaaji wa kifurushi kwa Kifaransa, akieleza kosa na dawa yake, maana radio nyingine zenye umeme wa kusuasua zingekutana na kimya kilekile. Mkurugenzi naye aliagiza mtu wa pili afundishwe kuwasha seva, na amri ziandikwe kwenye daftari. Radio inayotegemea kumbukumbu ya kijana mmoja ina kasoro ileile ya kifurushi kile: inahitaji kitu ambacho haikukitaja popote, na inajua siku kinapokosekana.

Kwa ndugu wanaotunza seva katika redio, hospitali au shule zetu, fundisho ni fupi. Ukisakinisha programu mpya, usiende nyumbani kwa sababu imefanya kazi. Izime mashine vizuri, iwashe tena, halafu angalia kama kila huduma imeamka yenyewe. Fanya hivyo mchana, ukiwa bado mbele yake, kabla umeme haujakufanyia usiku.