Lukuledi: Nguruwe, Mihogo na Risasi ya Donge Moja

Ukitoka Masasi mjini kwenda Nachingwea, utapita Lukuledi. Nyuma yako unaiacha milima ya Masasi, ile ya mawe matupu. Mbele yako ni bonde la mto Lukuledi, unaoteremka hadi baharini Lindi. Upande wa mashariki, uwanda wa juu wa Makonde umesimama kama ukuta.

Bonde hili linazijua bunduki. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto. Mwezi Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana siku 4 huko Mahiwa. Maelfu ya askari waliuawa au kujeruhiwa, na wengi wao walikuwa Waafrika wenzetu.

Siku hizi adui wa bonde ni nguruwe pori. Ndugu mkulima, wewe unamjua kuliko mimi. Huja usiku, hufukua mihogo na karanga, huangusha mahindi. Anachokula ni kidogo, anachoharibu ni kingi. Mimi huenda vijijini kuzungumza habari za mbegu, lakini mazungumzo hayaishi bila kumtaja yeye. Tena nyama yake hailiwi na kila mtu hapa kwetu, kwa hiyo wawindaji wake si wengi.

Wachache wana bunduki za marisau, zile ziitwazo shotigani, kwa kibali halali. Siku hizi wanauliza habari za risasi ya donge moja. Risasi hii haina marisau mengi ndani yake. Ina donge moja tu zito la madini ya risasi. Kwa bunduki ya namba 12, donge hilo huwa na uzito wa gramu 28 hivi. Linamwangusha nguruwe mkubwa. Marisau madogo ya ndege humjeruhi tu, naye hukimbilia kichakani na kumngoja anayemfuata.

Kwanza soma namba kwenye mtutu. Namba hizi zina asili yake. Ukigawa ratili moja ya risasi kuwa magololi 12 yaliyo sawa, kila gololi litaenea katika mtutu wa namba 12. Ukigawa magololi 20, yatakuwa madogo zaidi. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba.

Hapa kuna hatari kubwa. Risasi ya namba 20 ikitiwa katika bunduki ya namba 12 huteleza ndani na kukwama mbele kidogo. Mwenye bunduki hudhani hajatia kitu. Akiongeza ya namba 12 na kufyatua, mtutu hupasuka karibu na mkono wake. Ndiyo sababu maganda mengi ya namba 20 hutiwa rangi ya manjano.

Halafu angalia urefu. Bunduki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa risasi za milimita 65. Risasi nyingi za leo ni za milimita 70, na nyingine ni za 76. Risasi ndefu huweza kuingia vizuri kabisa katika bunduki fupi, maana urefu ulioandikwa ni wa ganda likiisha kufunguka. Likikosa nafasi ya kufunguka, nguvu ya baruti hupanda mno.

Donge lenyewe mara nyingi lina mistari ya mshazari ubavuni. Wengi husema mistari hiyo hulizungusha. Kazi yake hasa ni kulipa donge nafasi ya kubonyea linapopita mdomo wa mtutu uliobanwa. Donge huenda sawa kwa sababu ni zito mbele, kama mshale wenye kichwa kizito. Kuna aina nyingine yenye koti la plastiki. Hiyo ni ya mitutu yenye mifuo ndani. Ukiipiga kwa mtutu laini, itayumba.

Sasa tazama mahali ulipo. Kule Newala juu, vichaka ni vizito na nguruwe huonekana karibu sana. Kwa hatua 15 au 20, marisau makubwa yanatosha. Tena donge likigonga matawi huacha njia yake.

Lukuledi ni kwingine. Mashamba yako wazi, na unaweza kupiga kwa hatua 50. Lakini donge likimkosa nguruwe litaendelea mbali, mamia ya hatua. Likigonga jiwe litaruka upande usioujua. Hapa dungu la kulindia shamba ni msaada mkubwa. Aliye juu ya dungu hupiga kuelekea chini, na udongo hulipokea donge. Mimi ningependa asipige donge mtu asiyekuwa juu ya dungu au asiyeona kichuguu kikubwa nyuma ya mnyama.

Nguruwe naye analindwa na sheria. Kabla ya kuwinda, pata ruhusa kwa ofisa wanyamapori. Ukiua kwa kulinda shamba, toa taarifa upesi.

Kuanzia Oktoba korosho huanguka, na watu huingia mashambani alfajiri kuokota. Matawi ya mkorosho hufika karibu na ardhi, na aliyeinama chini yake haonekani. Miezi hiyo risasi za donge moja zifungiwe nyumbani, shamba lilindwe kwa moto na kwa debe.