Lenzi ya Siku ya Mawingu

Mimi ni mzaliwa wa Machame. Utoto wangu wote niliitazama theluji ya Kibo kwa mbali, asubuhi na mapema kabla mawingu hayajaifunika, na sikupata kufikiri kwamba siku moja nitasimama juu ya theluji nikiwa nimefunga mbao miguuni. Nilijifunza mchezo huo ukubwani, baada ya kuhamia Munich kikazi. Nilijifunza pamoja na binti yangu, aliyekuwa na miaka sita. Yeye ilimchukua wiki moja. Mimi ilinichukua misimu mitatu, na kila msimu magoti yangu yalinikumbusha umri wangu.

Miwani yangu ya kwanza ya theluji niliichagua kama kijana achaguavyo kiatu cha sikukuu. Lenzi yake ilikuwa nyeusi, imepakwa rangi ing'aayo kama kioo, hata aliyenitazama alijiona yeye mwenyewe. Muuzaji alinionyesha kwamba ndani ya boksi mna lenzi ya pili, ya rangi ya waridi, ya kuvaa siku ya mawingu. Nilimwitikia kwa adabu tu. Lenzi ile niliitia kabatini ikiwa bado kwenye mfuko wake.

Ndugu msomaji, weusi wa lenzi una kazi yake. Theluji mpya yaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua isiyoonekana, ile iunguzayo ngozi na macho, na mionzi hiyo huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Aliyeungua macho hajui papo hapo. Hujua baada ya saa kadhaa, macho yanapowasha kana kwamba yametiwa mchanga. Wainuiti wa nchi za kaskazini walilifahamu jambo hili tangu kale, wakachonga miwani ya mfupa na ya mti yenye ufa mwembamba wa kuchungulia.

Ila nilichokuwa sikijui ni kwamba weusi na kinga dhidi ya mionzi hiyo ni mambo mawili mbalimbali. Lenzi nzuri huizuia hata ikiwa nyeupe kabisa. Weusi hupunguza mwanga tu. Ndiyo maana lenzi hupangwa kwa madaraja matano, kuanzia sifuri hadi nne. Ya daraja la 1 hupitisha kati ya asilimia 43 na 80 ya mwanga. Ya daraja la 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 tu. Yangu ilikuwa ya daraja la 3, na sikuwa na nyingine mfukoni.

Mwezi wa Machi 2019 tulipanda kwenye barafu ya Stubai, juu ya mji wa Innsbruck nchini Austria, mahali palipozidi mita 3,000. Asubuhi jua liliwaka. Saa sita hivi wingu likashuka. Mtu asiyepata kuona hali hiyo huona shida kuiamini. Hakuna kivuli, hakuna bonde wala kilima, mbingu na ardhi ni shuka moja jeupe. Unaweza kudhani umesimama kumbe bado unateleza. Kwa lenzi nyeusi kama yangu, weupe ule ulikuwa wa kijivu, na sikuona hata ncha za mbao zangu.

Binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na miwili, aliniuliza, "Baba, twende?" Nilisikia haya kumwambia kwamba sioni. Nikasema, "Nifuate mimi." Alinifuata. Nilipita kando ya vijiti vya mpaka bila kujua, nikaanguka ndani ya shimo la theluji laini. Yeye alikuja nyuma yangu kwa kasi, akaangukia mahali pagumu, akavunjika mtulinga.

Waokoaji walimteremsha kwa machela ya kuteleza. Jioni, hospitalini huko bondeni, mkono ukiwa umefungwa kifuani, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, ulikuwa unaona?" Nilimjibu, "Hapana, mwanangu. Sikuwa naona." Hakusema neno. Akageukia dirisha.

Mfupa uliunga. Msimu uliofuata tulikwenda dukani pamoja, na safari hii nilimsikiliza muuzaji. Kuna miwani ambayo lenzi yake imeshikwa na mfereji wa fremu. Huibandua kwa kuikunja fremu kwa vidole vitupu, kazi ya sebuleni wala si ya mlimani. Nyingine ina kitasa kidogo pembeni: ukikifungua lenzi inachomoka. Nyingine hushikwa kwa sumaku, unaivuta kwa mkono mmoja na mpya inajikamata yenyewe, lakini ni vema kuangalia kama ina pia kishikizo cha kuizuia isiruke mtu anapoanguka. Kuna na lenzi ijibadilishayo yenyewe kwa mwanga. Hiyo ni nzuri, ila kwenye baridi kali hukawia kurudi kuwa nyeupe.

Nilivaa glavu zangu nene pale pale dukani nikabadilisha lenzi mara tatu. Muuzaji alicheka, lakini naona hicho ndicho kipimo chenyewe. Alinifundisha pia kwamba lenzi hizi ni za tabaka mbili zenye hewa katikati, ili zisishike ukungu. Ubunifu huo wa lenzi mbili zilizozibwa pamoja ulifanywa mwaka 1965 na Bob Smith, daktari Mmarekani wa kunyoosha meno aliyependa kuteleza. Na upande wa ndani hausuguliwi kwa glavu ukiwa umelowa, maana dawa iliyopakwa hutoka. Utikise maji, kisha uuache ukauke.

Sasa lenzi ya waridi hukaa kwenye mfuko wa koti, upande wa kifuani, ndani ya kitambaa laini. Wingu likianza kushuka nasimama pembeni mwa njia, mahali watu wanaponiona kutoka juu, nasema kwa sauti, "Mimi sioni vizuri. Nabadilisha." Hunichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, binti yangu alinitazama kidogo, kisha naye akavua glavu moja, akatoa ya kwake.