Alterneta kwanza, spika baadaye

Wadau, leo tuache programu kidogo. Binamu yangu ana matatu hapa Makindu. Tangu afunge muziki mkubwa, alfajiri gari lilikataa kuwaka na abiria wakapanda la mwenzake. Fundi akapendekeza betri ya pili. Tupige hesabu: ampilifaya ikivuta wati 600 kwa volti 12, hiyo ni ampea 50. Alterneta yake ni ya ampea 60, na gari likisimama stegi inatoa pungufu. Taa zitakula nini? Betri haizalishi umeme, inauhifadhi tu. Ya pili ingekuwa mdomo mwingine wa kulisha. Tukafunga alterneta ya ampea 120, waya mnene na fyuzi karibu na betri. Sasa linawaka. Nawe, soma kwanza namba ya alterneta yako.