Je, Tuubadili Wimbo wa Taifa?

Asubuhi moja, baada ya kupandisha bendera, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Wenzake walikuwa wamekwisha imba na wanaingia darasani kwa mstari. Yeye alibaki nyuma, akasema: "Mwalimu, nimesikia watu wakizungumza kwamba nchi ikipata katiba mpya, wimbo wa taifa nao utabadilishwa. Je, ni vizuri? Na tukiubadili, huu wa sasa tutaupeleka wapi?" Tulimwambia aende akaketi. Aliketi, lakini swali lake halikuketi, na tangu siku hiyo limekuwa likitufuata.

Kwa nchi nyingine pengine hilo ni swali la mezani tu. Kwetu Kongo ni swali la maisha yetu wenyewe. Wimbo wa kwanza, uitwao Debout Congolais, ulianza pamoja na uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikapewa jina la Zaire, na pamoja na jina vikabadilishwa bendera na wimbo. Ukaja La Zaïroise. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yakaingia Kinshasa, Zaire ikawa Kongo tena, na wimbo wa mwaka 1960 ukarudishwa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imeutaja kwa jina katika ibara yake ya kwanza. Hivyo basi, mtu wa makamo katika nchi yetu amekwisha fundishwa kuipenda nchi moja kwa nyimbo mbili.

Sisi tulianza shule mjini Bukavu mwaka 1972. Wimbo wetu ulikuwa La Zaïroise. Tuliuimba kila asubuhi, mikono imenyooka ubavuni, macho yameelekea mlingotini. Kifaransa hatukukijua bado, kwa hiyo maneno tuliyameza kama mtoto amezavyo dawa, bila ya kuuliza imetengenezwa kwa mti gani. Hata hivyo wimbo ukaingia mwilini. Tulikua nao, tukawa walimu, tukawafundisha wengine. Hatuoni haya kukiri kwamba hata leo, tukiwa peke yetu usiku tunasahihisha madaftari, mara hujishtukia tunaunguruma sauti yake kwa mdomo uliofungwa. Si kwamba tunautamani utawala wa siku zile. Taabu zake twazijua. Ni kwamba utoto wa mtu ni mmoja tu, na wetu uliimbwa hivyo.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa Septemba 1997 tulitakiwa kufundisha wimbo ambao sisi wenyewe hatukuujua. Walimu wa umri wetu walikuwa wameusikia kwa wazee tu. Asubuhi ya kwanza watoto walianza vema. Walipofika katikati, sauti ziliteleza, na bila mtu yeyote kukusudia shule nzima ikajikuta imo ndani ya La Zaïroise. Kwa bahati mbaya palikuwa na askari langoni, mmoja wa wale vijana tuliokuwa tukiwaita kadogo, bunduki yake ikikaribia kumzidi kimo. Akaingia uwanjani. Tulisimama tukitetemeka, tukijua kwamba kwa wimbo wa utawala ulioanguka mtu aweza kuulizwa mengi. Kijana yule alitutazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, na mimi siujui wote. Niandikie maneno yake kwenye karatasi." Tulimwandikia kile kidogo tulichokijua, naye akakikunja akakitia mfukoni.

Jioni ile tulikwenda kwa baba yetu mzazi. Mwaka 1960 alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini, kwenye ziwa Kivu. Alikuwa amesoma miaka miwili katika shule ya misheni, na kama ilivyokuwa desturi huku mashariki wakati wa Wabelgiji, masomo hayo ya kwanza aliyapata kwa Kiswahili. Basi alikijua kukisoma Kiswahili, tena vizuri, lakini Kifaransa hakukipata. Tulimwomba atuimbie wimbo wa uhuru. Akaweka kikombe chake chini, akasimama wima, akaimba mwanzo hadi mwisho. Sauti haikukosea hata mahali pamoja. Maneno, lakini, hayakuwa Kifaransa wala lugha nyingine yoyote. Yalikuwa ni milio tu, iliyohifadhiwa kwa uaminifu kwa miaka thelathini na saba. Alipomaliza akaketi, akatuuliza: "Sasa wewe mwanangu uliyesoma, hebu niambie. Nilikuwa ninasema nini?"

Tulimweleza. Wimbo unawaita Wakongomani wawe na umoja, wafanye kazi, waijenge nchi yao iwe nzuri zaidi katika amani. Na unaitaja siku ya tarehe 30 Juni. Jina lake, tukasema, maana yake ni "Simameni, Wakongomani". Baba akatikisa kichwa. "Hapana," akasema, "hilo si neno lake. Gari ndilo linaloambiwa simama, lisiende mbele. Mtu aliyelala chini huambiwa inuka." Kisha, baada ya kunyamaza kidogo: "Kwa nini basi hawakutuambia hivyo tangu mwanzo, kwa lugha tunayoisikia?"

Haya mambo mawili ya siku moja ndiyo yaliyotufikisha kwenye maoni tunayotaka kuyatoa hapa. Askari alitaka maneno; mzee alitaka maana. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaka wimbo mpya.

Hata hivyo haki yatudai tuyapime maneno ya wale wanaotaka nyimbo zibadilishwe, maana hawasemi upuuzi. Hapo ng'ambo ya mto Ruzizi wenzetu wa Rwanda waliuacha wimbo wao wa zamani, Rwanda Rwacu, wakaanza kuimba Rwanda Nziza tangu tarehe 1 Januari 2002. Serikali yao ilieleza kwamba alama za zamani za taifa zilikuwa zimeshikamana na siasa ya kuwagawa watu na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Ni nani atakayemlazimisha mtu kusimama kwa heshima mbele ya wimbo unaomkumbusha waliowaua watoto wake? Pale ambapo wimbo wenyewe umekuwa jeraha, kuuweka kando si uasi, ni huruma.

Jirani yetu mwingine, Burundi, ameshika njia tofauti. Wimbo wake Burundi Bwacu ni uleule wa tangu uhuru wa mwaka 1962, ingawa ufalme uliondolewa mwaka 1966 na tawala nyingi zimepita baada yake. Nayo Nigeria imetuonyesha kwamba hata aliyebadili aweza kujuta. Mwaka 1978 iliuacha wimbo wake wa kwanza, ambao maneno yake yaliandikwa na Lillian Jean Williams, mwanamke Mwingereza, ikajipatia wimbo uliotungwa na wananchi wenyewe. Na tarehe 29 Mei 2024 ikaurudia ule wa kwanza. Watu waliokuwa watoto mwaka 1978 walikuwa wamekwisha pata wajukuu.

Katika mifano hii twaona kipimo kimoja. Kabla ya kuufukuza wimbo, yafaa kuuliza: kosa limo ndani ya wimbo, au limo ndani ya watu waliosimama mbele yake? Tukizipima nyimbo zetu mbili kwa kipimo hicho, twapata jambo la kushangaza. Padri Simon-Pierre Boka di Mpasi Londi, Mjesuti, ana mkono wake katika zote mbili. Mtu yuleyule aliyeipa Kongo sauti ya kuimba mwaka 1960 aliipa Zaire sauti yake pia. Na katika zote mbili hakutajwa mtawala yeyote. Ya kwanza inasifu umoja, kazi na amani. Ya pili nayo inasifu amani, umoja na kuijenga nchi. Kama ni hivyo, mwaka 1971 tuliponywa ugonjwa gani? Na mwaka 1997 tuliponywa upi? Kilichobadilika kilikuwa ni kiti na aliyekikalia. Wimbo ulichukuliwa kama vile mpangaji mpya anavyopaka rangi nyumba, ili majirani wajue kwamba wa zamani amehama.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu umechakaa, twakubali, lakini ndio tuliolalia. Kila mara wimbo ubadilishwapo, kizazi kimoja huambiwa kwamba yale kilichoyaimba kwa moyo safi hayakuwa kitu. Mtoto aliyeambiwa hivyo mara moja atauimba wimbo wa pili kwa nusu ya moyo, akingoja wa tatu. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za serikali, lakini sisi walimu twaiona kila asubuhi uwanjani.

Basi je, tukae tu kama tulivyo? La hasha. Swali la baba yetu bado halijajibiwa. Rwanda na Burundi huimba kwa lugha zao. Kenya na Tanzania huimba kwa Kiswahili. Sisi, wenye lugha nne za taifa zilizotajwa na katiba, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, twaimba kwa Kifaransa. Wapo wasemao kwamba Kifaransa kwa kuwa si cha kabila lolote ndicho kinachotuunganisha, na kwamba ukichagua lugha moja kati ya nne utazichukiza tatu. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Wala hatudai kwamba kuimba kwa lugha ya mama huleta amani. Historia ya majirani zetu yatosha kutuzuia tusiseme hivyo. Tunasema tu kwamba ahadi isiyoeleweka na anayeiahidi si ahadi.

Na kuchagua lugha moja si lazima. Mwaka huohuo wa 1997, sisi tulipokuwa tukirudia wimbo wetu wa zamani, Afrika Kusini iliunganisha wimbo wa waliodhulumiwa na wimbo wa waliotawala, ukawa mmoja wenye lugha tano ndani yake. Uswisi, nchi ya lugha nne kama yetu, ina wimbo mmoja wenye maneno rasmi kwa kila lugha. Hata Tanzania ilipochukua sauti iliyotungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, haikuibadili sauti. Iliivika maneno ya Kiswahili, na leo ni nani awezaye kusema kwamba si yake? Sauti ni mwili, lugha ni nguo. Sisi twaweza kuuacha mwili ulivyo, tukaushonea nguo nne zaidi.

Kazi hiyo, walimu wenzetu, si ya wanasiasa. Ni ya kwetu, tena ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kwa miaka mingi tumewapa wanafunzi wa darasa la sita zoezi la kuugeuza wimbo wa taifa kuwa wa Kiswahili, na kila mara tumekwama mahali palepale. Kifaransa hupenda kuuweka mkazo katika silabi ya mwisho. Kiswahili huuweka katika ile ya pili kutoka mwisho. Ukilitia neno letu katika sauti iliyotungwa kwa Kifaransa, mkazo hukimbilia mwisho, na mtoto wa Bukavu husikika kama mgeni aliyeshuka jana. Tena neno "debout" lina silabi mbili tu. "Inukeni" lina nne. Silabi mbili zilizozidi zitapewa nafasi wapi? Tafsiri ya neno kwa neno haitoshi hata kidogo. Anatakiwa malenga, aliyezoea kuhesabu mizani, akae na fundi wa muziki, wakubaliane ni wapi sauti itasubiri na ni wapi neno litafupishwa.

Wanafunzi wetu hawajafaulu bado, lakini katika kuhangaika huko wameufahamu wimbo. Mmoja alituambia kwamba hapo zamani alidhani mstari fulani unazungumzia mvua, kumbe ni kazi. Tulicheka pamoja naye, kisha tukamkumbuka mzee na kikombe chake.

Baba yetu alifariki kabla ya kuusikia wimbo huo kwa lugha aliyoijua. Karatasi aliyotusahihishia, yenye neno "simameni" lililopigwa mstari na "inukeni" juu yake kwa penseli, tungali nayo.

Yule mwanafunzi tulimjibu baada ya wiki moja. Tulimwambia kwamba wimbo haupelekwi popote. Ukiachwa, hubaki ndani ya watu waliouimba, nao huzeeka peke yao. Kwa hiyo, tukamwambia, kabla hatujaulizana kama tuubadili, na tuufahamu kwanza. Alifikiri kidogo, akauliza: "Basi, Mwalimu, tutaanza lini?" Swali hilo la pili tunawaletea ninyi, walimu wenzetu, kwa kuwa peke yetu hatuwezi kulijibu.