Tumbo Lilipojaa Maji

Dada yangu unayesoma haya umejiegemeza kwenye mito, magoti umeyakunja, tumbo limebanwa na mkanda, na nje ya nyumba yako hakuna anayejua kwamba umefanyiwa upasuaji wa kurekebisha tumbo, ni wewe ninayekuandikia. Mimi nililala hivyo hivyo, na sikuwa na mtu wa kuniambia lipi ni la kawaida na lipi si la kawaida. Niliogopa kila kitu. Mpaka leo kuna siku naogopa.

Mimi ni mama wa mapacha. Baada ya kuwazaa, misuli ya tumbo iliachana katikati na kitovu kikatoka nje. Daktari akasema ni ngiri. Nikiinuka kitandani, kigongo kinachomoza katikati ya tumbo. Mgongo hauishi kuuma. Kwenye daladala watu walinipisha kiti wakidhani nina mimba, nami nikakaa, ningesema nini? Kwa hiyo wanaosema nilifuata urembo sibishani nao. Ngiri ilikuwepo, na urembo niliutaka pia. Mume wangu aliridhia, tukadunduliza fedha, nikapasuliwa katika hospitali moja hapa Dar es Salaam.

Niliamka na mshono kutoka nyonga hadi nyonga, na mipira miwili imening'inia, kila mmoja na kichupa chake cha kukusanyia maji mekundu. Mama alikuwa ameshafika kutoka Tanga. Mama ni mtu wa pwani. Kwake yeye, mwanamke aliyeguswa tumbo hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa mkaja. Mkanda wa hospitali aliukubali palepale, akauita mkaja wa kizungu. Maji ya moto nesi aliyakataa: ngozi ya chini ya kitovu ina ganzi, utamuunguza na wala hatajua. Mama akanuna.

Siku zile za mwanzo zilikuwa ngumu lakini zilikwenda. Nilitembea nimeinama, mama kanishika kiwiko, maana daktari alisisitiza nitembee ili damu isigande miguuni. Nesi alipima maji ya vichupa, akaandika. Yalipopungua, mipira ikatolewa. Nikarudi nyumbani namshukuru Mungu, nikijua yameisha.

Hapo ndipo tumbo lilipoanza kujaa. Kwanza juu ya mshono, kisha ubavuni. Asubuhi afadhali; ikifika jioni mkanda haufungi. Nikiligonga kwa kidole upande wa kulia, wa kushoto unatikisika. Jirani mmoja akatuletea mwanamke anayekanda watu majumbani, akasema amewasaidia wengi waliopasuliwa. Yule mama alijipaka mafuta mikononi, akasimama juu yangu, akaanza kusukuma kwa viganja vyote viwili kuelekea kwenye mshono. Nilipiga ukelele. Akasema nivumilie, maji machafu lazima yatoke, na akataka apafungue pale mpira ulipokuwa ili ayakamue.

Mama, yeye yule aliyenuna kwa kukatazwa kunikanda, akaja akaweka mkono wake juu ya mkono wa mgeni. "Tunashukuru, mama. Ila mwanangu si kanga ya kukamuliwa." Akamsindikiza hadi getini.

Usiku uliofuata nilishikwa na baridi.

Dar es Salaam, mwezi wa pili, joto lile. Nami natetemeka. Meno yanagongana. Ngozi ya juu ya mshono ilikuwa imekaza, inang'aa. Kwa weusi wangu wekundu hauonekani vizuri. Niliujua kwa joto lake mkononi. Pumzi naivuta juu juu.

Nikajua nakufa.

Nawaacha wanangu. Kwa sababu ya tumbo.

Niliwasikia kabisa watu wakinong'ona msibani kwangu. Nikataka kumwita mume wangu, sauti haikutoka. Nikasoma shahada moyoni. Nikaipoteza katikati. Nikaanza upya.

Mume wangu alinigusa shingoni, akaruka kitandani. Hakuuliza kitu. Mama alikuwa ameshaanza Yasini kwa sauti, huku anatafuta buibui lake gizani. Njiani kila tuta nililisikia kwenye mshono.

Hospitalini walinipima miguu na kifua kwanza, kwa hofu ya damu iliyoganda. Alhamdulillah, haikuwepo. Kisha daktari akapitisha kifaa cha ultrasaundi tumboni, akanionyesha doa kubwa jeusi: maji yamekusanyika kati ya ngozi na misuli, na wadudu wameingia humo. Akaingiza sindano. Kwa ile ganzi sikusikia uchungu, nilihisi kuvutwa tu. Bomba likajaa, akabadilisha, likajaa tena, maji ya manjano yenye ukungu. Nikageukia ukutani. Nikalazwa, nikachomwa dawa za kuua bakteria kwenye mshipa. Nilipomwuliza daktari habari ya kukandwa, alisema kwenye maambukizi hapana, na penye damu iliyoganda hapana kabisa. Kwanza homa iishe.

Homa ilipokata na ngozi ikapoa, alinipeleka kwa dada mmoja wa fiziotherapia. Nilipopanda kitanda chake nilimshika mama mkono mpaka akalalamika kucha zangu zinamuumiza. Nikangoja kusukumwa. Yule dada hata tumbo hakuligusa. Alianzia shingoni, kwenye vishimo vya juu ya mtulinga, kwa sababu huko ndiko limfu, maji ya mwilini, inakorudi kwenye damu. Akahamia makwapani. Akaniambia nivute pumzi ndefu, itulie, niitoe. Ndipo vidole vikashuka tumboni, mkono mwepesi kama wa anayepapasa utosi wa mtoto mchanga. Ngozi inavutwa kidogo, inaachiwa, inavutwa, inaachiwa. Alielekeza maji juu, kwapani, si kinenani, maana mshono ulikuwa umekata vimishipa vilivyokuwa vinashuka huko.

Nilimwuliza mbona habonyezi. Akasema mishipa ya limfu iko chini tu ya ngozi, ni myembamba, ukiikandamiza unaibana. Na limfu haina moyo wa kuisukuma. Huenda kwa mishipa yenyewe kujikaza, kwa misuli unapotembea, na kwa pumzi. Alituambia namna hii ya kukanda ilianzishwa na mtu na mkewe kutoka Denmark, Emil na Estrid Vodder, waliokuwa wakitibu watu wenye mafua sugu huko Ufaransa, wakaitangaza Paris mwaka 1936. Mama akasikiliza, akasema, "Kumbe hata Wazungu wana wakandaji wao."

Sitakudanganya. Mkono ule haukuyamaliza maji yaliyokusanyika; yale yalimalizwa na sindano, nayo ilibidi irudiwe. Lakini uvimbe mgumu uliobaki, ule wa jioni, ulilegea siku hadi siku. Nikapata usingizi. Nikaacha kujikunyata mtu akinisogelea. Yule dada alimfundisha mama, na kila usiku mama alipiga bismillahi akaanzia shingoni, hakuruka hatua hata moja. Papa mkavu aliyemleta mwenyewe kutoka Tanga akaninyima, akisema chumvi inavuta maji. Walimla wakwe.

Ganzi ya chini ya kitovu haijaisha yote. Na bado nikiamka usiku naweka mgongo wa mkono tumboni kupima joto, kisha napapasa mashavu ya miguu, moja na jingine, niyalinganishe. Mume wangu hujifanya amelala.

Sasa wewe. Uvimbe unaopanda jioni na kushuka asubuhi, mwambie daktari wako, usikeshe nao. Lakini ukipata homa, ngozi ikawa ya moto, mshono ukatoa harufu au usaha, mguu mmoja ukavimba na kuuma, au pumzi ikawa fupi, usimwite mtu wa kukukanda. Nenda hospitali usiku huohuo. Kama hukumwambia mtu, mwambie mmoja leo, awepo wa kukugusa shingo.

Juzi mama kanipigia simu. Binti wa shangazi kajifungua kwa upasuaji, na wazee wameshachemsha maji ya kumkanda. Mama kawazuia. Kawaambia tumbo lenye mshono mbichi haliguswi mpaka nesi aulizwe, na kama wana haraka sana, wamshike mtoto.